Ritani za Wesley

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi mjini Nakuru nilikabidhiwa kiti chenye mguu mmoja mfupi, stempu ya tarehe, na Mzee Gitonga. Kiti kilikuja kubadilishwa. Stempu ilifukuzwa kazi na kompyuta. Mzee Gitonga, aliyekuwa mkubwa wa dawati la kusaidia walipa kodi, ndiye aliyenifunza kazi yote niliyoijua mpaka nilipostaafu majuzi, na ndiye ninayemwona kwanza kila nikiikumbuka ile ofisi.

Vijana wa dawatini waliniomba niwaandikie niliyoyapitia. Walisema hawataki habari za vyeo, jambo lililonifaa, maana sikupanda vyeo vya kuandikiwa. Nitawaandikia habari za watu wa Juni. Kwa asiyejua kazi yetu, Juni ndio mwezi wa mwisho wa kuwasilisha ritani. Kila mwenye PIN, yaani namba ya kodi, anatakiwa aeleze alipata nini mwaka uliopita. Asiyepata chochote pia anatakiwa aseme hivyo, na hiyo tunaiita ritani ya sufuri. Mwezi ukiisha hujasema, faini inakungoja. Watu wana nusu mwaka mzima wa kulifanya jambo hili, na karibu wote walilifanya wiki ya mwisho.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwenye bucha wa Bondeni, mtaa nilikozaliwa. Aliponiona dawatini akakataa kukaa. Alimwambia Mzee Gitonga kwamba hawezi kumfungulia mapato yake mtoto wa Bi Mwanaisha, ambaye juzi tu alikuwa akitumwa kwake nusu kilo na kurudi akichezea njiani. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Gitonga hakumbembeleza. Alimvutia kiti, akamwambia kwamba kesho mimi nitakwenda dukani kwake kununua nyama, na nitanunua kama mtu asiyejua kama yeye huuza kilo moja kwa wiki au ng'ombe mzima. Nikishindwa, arudi aseme, nami nitafutiwa kazi nyingine. Mwenye bucha akakaa. Kesho yake nilikwenda bucha nikapiga foleni, nikalalamikia mfupa kama wenzangu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Mzee Gitonga. Ulichokiona kwenye karatasi za mtu hukukiona. Na usifungue karatasi za mtu ambaye hajakaa mbele yako. Sheria iko pia kwenye kitabu cha serikali, kwa maneno marefu zaidi, lakini mimi niliipata hivyo, na kwa mtu aliyelelewa Bondeni, ambako jirani anajua chungu chako kina nini kabla hujafunua, haikuwa rahisi.

Siku hizo tulifanya kazi kwa fomu za karatasi. Foleni ya Juni ilitoka mlangoni ikazunguka jengo, ikafika kwenye mijakaranda ya barabarani. Watu walikuja na chai kwenye thamosi na makoti mazito, maana Juni ya Nakuru ina baridi. Walimu walikuja na kalamu zao wenyewe na kutusahihisha tahajia. Madereva wa malori walikuja na risiti zimelowa grisi. Nilikuwa nikirudi nyumbani vidole vimejaa wino, nikimwambia mume wangu kwamba nimechoka na binadamu wote isipokuwa yeye, na kwamba yeye pia ajiangalie. Laiti ningejua nitakavyoikumbuka ile foleni.

Halafu zikaja kompyuta, na ritani zikahamia mtandaoni. Wakubwa walituambia kwamba sasa mtu atajifanyia mwenyewe. Watu wakaja kuuliza jinsi ya kujifanyia wenyewe, na foleni ikawa ndefu kuliko ya fomu. Ndipo tukaanza kutoka na hema. Tulienda Gilgil, tukaenda Molo. Tulipoweka meza karibu na Kariandusi, wachimbaji wa udongo mweupe wa huko walikuja moja kwa moja kutoka machimboni, nyusi na kope zimekuwa nyeupe kama za wazee, na wakaacha alama za viganja kwenye kitambaa chetu cha meza. Mzee Gitonga alikataa kifuliwe mpaka msimu uishe. Alisema hakuna ripoti tutakayoandika itakayoonyesha vizuri zaidi kwamba watu walifika.

Ni kwenye hema, sokoni Olenguruone, nilipokutana na mama nitakayemwita Mama Tabutany. Jina nimelibadilisha, na la kijana wake pia. Haya ninayoyaandika wao wenyewe wameniruhusu, na nitaeleza ruhusa hiyo ilipatikanaje.

Ilikuwa siku ya soko na ukungu wa milima ya Mau haukuwa umeinuka. Jenereta ilikuwa imegoma. Mzee Gitonga aliipiga teke kila alipopita, bila hasira, kama mtu anayesalimia. Mama huyu alikaa mbele yangu, gamubuti zimejaa matope, shuka begani. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki cheti cha PIN na nakala ya kitambulisho. Vilikuwa vya kijana, si vyake.

Nilimweleza kwamba mwenye namba ndiye anayetakiwa kuja. Akasema hayuko. Nikamuuliza atarudi lini. Akasema hilo hajui.

Habari yenyewe aliieleza polepole, akitazama meza. Wesley alikuwa kifungua mimba wake. Alipomaliza shule alichukua PIN kwa ajili ya kuomba mkopo wa chuo, na walijisajili pamoja kwa simu ya mama. Chuo hakikutokea. Badala yake yeye na baba yake waligombana juu ya kipande cha shamba ambacho baba alitaka kuuza, na baba akamwambia mbele ya watu kwamba hana mtoto wa jina hilo. Wesley akaondoka na begi la shule. Namba yake ya simu ikafa. Tangu hapo mama hakuwa amesikia kitu, mpaka siku moja redio ikatangaza kwamba kila mwenye PIN asipofanya ritani atafuatwa.

"Sitaki akamatwe na serikali huko ako," aliniambia. "Kama hawezi kuja kwangu, basi hata hiyo shida isimpate. Hiyo mimi naweza."

Paswadi aliijua kwa kichwa. Ilikuwa jina la ng'ombe wao, Lelmet, na mwaka aliozaliwa Wesley. Aliitamka kwa sauti, hema zima likasikia, na Mzee Gitonga akafumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. Nikamwangalia mzee, mzee akatazama pembeni. Hakukuwa na mapato ya kueleza wala siri ya kufichua. Niliiwasilisha ritani ya sufuri ya Wesley, mama akashukuru, akarudi kwenye viazi vyake.

Mwaka uliofuata hatukupeleka hema Olenguruone. Mama Tabutany akaja mwenyewe mjini, kupitia Keringet na Molo, safari ya kumla siku nzima, akakaa kwenye benchi mpaka nilipomwita. Na mwaka wa baada ya huo vilevile. Aliniletea maziwa mala kwenye chupa, nami nikamwambia siruhusiwi kupokea kitu kwa mteja. Akayakunywa mbele yangu akinitazama, ili nione ninachokikosa. Tulianza kuitana dada. Juni moja alikuja amevaa kitambaa cheusi kichwani, akaniambia mzee wake amefariki. Alisema baba alipokuwa mgonjwa alimtaja Wesley, lakini hakuna aliyejua pa kupeleka neno hilo. Tukafanya ritani ya sufuri. Nikamsindikiza mpaka kwenye mijakaranda.

Kisha ikaja Juni ambayo paswadi ilikataa.

Nilidhani nimekosea herufi. Nikamwomba aitaje tena, nikaandika taratibu, ikakataa tena. Akasema labda ni mtandao. Nikafungua upande wetu wa maofisa, maana mteja alikuwa mbele yangu na nilikuwa na sababu. Ritani ya Wesley ya mwaka ule ilikuwa imeshawasilishwa, tangu Machi. Haikuwa ya sufuri. Ilikuwa na mwajiri, na mahali pa kazi. Mahali penyewe sikutazamia pawe karibu hivyo.

Nimefanya kazi na skrini miaka mingi lakini siku hiyo ndiyo pekee niliyoigeuza kwa mkono, isitazamwe. Mama Tabutany aliona nimeigeuza.

"Mama," nikamwambia, "mwaka huu paswadi imebadilishwa, na ritani imeshafanywa."

"Nani amefanya?"

"Mwenye namba."

Nyuma yake foleni ilikuwa ikinung'unika. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama Wesley ako mzima.

"Mtu aliyekufa hafanyi ritani, dada."

Alijifunika uso na ile shuka yake, akakaa hivyo. Mabega yalikuwa yakitikisika, na sikuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Nadhani ni vyote. Alipojifunua aliniuliza ako wapi. Nikamwambia siwezi kusema. Akauliza kama ni mbali. Nikamwambia siwezi kusema hilo pia. Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu angenigombeza. Alikusanya cheti na kitambulisho cha kijana, akavirudisha kwenye mfuko, akaniaga kwa heshima kama siku zote.

Niliacha foleni nikaenda kwa Mzee Gitonga. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho ofisini na alikuwa ameanza kupanga vitu vyake kwenye katoni. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nikamwambia kwamba sheria yake ni nzuri, lakini kuna mama aliyezaa na kulea, na mimi ninajua mtoto wake yuko wapi na yeye hajui, na hiyo si haki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mambo ya kijana ni ya kijana," akasema. "Huwezi kumpa mama. Lakini mambo ya mama amekupa mama mwenyewe, na hayako kwenye kompyuta yoyote. Una sababu ya kumpigia kijana, maana ritani zake za nyuma ziliwasilishwa na mtu mwingine na lazima athibitishe. Mpigie."

Nilimpigia kwa simu ya ofisi. Alipokea mwanamume mwenye sauti ya tahadhari, nyuma yake mashine zikinguruma. Nilipojitambulisha kuwa ni ofisi ya kodi akaniomba nisubiri, nikasikia mlango ukifungwa na kelele zikipungua. Akaanza kujieleza haraka kwamba amelipa kila kitu na P9, ile fomu ya mwajiri ya mshahara na kodi, anayo. Nikamtuliza. Nikamwambia ninauliza habari za miaka ya nyuma, zile ritani za sufuri.

Alisema hata yeye zilimshangaza. Alipopata kazi na kubadilisha paswadi alikuwa akitarajia faini ya miaka yote aliyopotea. Badala yake akakuta kila mwaka umefanywa, hakuna uliorukwa.

"Nilidhani ni mtambo umekosea," akasema. "Nikanyamaza."

"Si mtambo, Wesley. Ni mama yako. Amekuwa akitoka Olenguruone kila Juni. Leo alikuwa hapa."

Nilikaa na ule mkono wa simu sikioni nikaona wateja wakinionyesha saa zao. Mwishowe akasema namba ya mama anayo kichwani, haijawahi kumtoka, lakini hawezi kupiga simu kwenye nyumba ambayo mzee wake anaweza kuishika.

Hapo ndipo sheria ya Mzee Gitonga ilipoishia, na hakuwa amenipa nyingine.

"Hakuna mzee wa kushika simu," nikamwambia. "Pole sana. Na kabla hajaondoka alikutaja."

Akashukuru kwa maneno machache, akakata.

Nilitarajia Mama Tabutany angekuja Juni iliyofuata akiwa mtu mwingine, au asije kabisa. Alikuja. Alikaa kwenye benchi lile lile, na nilipomwita akaja bila mfuko wa plastiki, mikono mitupu. Hakuna aliyekuwa amempigia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ameshafanya?"

Nikamweleza kwamba hata hilo la kuwasilisha si langu kulisema, ingawa mwaka jana lilinitoka. Akasema basi nijaribu tu ile paswadi ya Lelmet, kama zamani, na kama itakataa atajua namba bado iko mikononi mwa mwenyewe. Nikaiandika. Ikakataa. Akatabasamu, akasema asante, akaanza safari ya kurudi.

Tulifanya hivyo Juni baada ya Juni. Mzee Gitonga alikuwa amestaafu na kurudi kwao Bahati, na nilipomsimulia kwa simu alicheka mpaka akakohoa, akasema kuandika paswadi iliyokufa hakujakatazwa popote. Alifariki kabla ya kujua mwisho wa habari hii. Kila mara nilipoiona skrini ikisema kwamba neno la siri si sahihi nilimfikiria kijana huyo na namba aliyokuwa nayo kichwani. Nilitamani kumpigia tena. Sababu ya kiofisi sikuwa nayo, na sikuitengeneza.

Wakati huo foleni ilikuwa ikififia. Watu walijifunza kufanya ritani kwa simu, wakiwa kitandani, au kwa kijana wa saiba, duka la intaneti, pale karibu. Vijana mlioajiriwa miaka hiyo mlikuwa mkija dawatini mkiniambia, "Niaje madam, leo hakuna watu," kwa furaha. Mlikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilikuwa nikitazama mlango. Nilizoea kumjua mtu kwa anavyokaa kabla hajafungua mdomo: yule atakayesema alipokonywa kazi, yule anayeficha nyumba za kupangisha, yule ambaye mkewe ndiye anayejua kila kitu na yuko nje kwenye gari. Sasa waliofika walikuwa wale tu ambao simu imewashinda, na Mama Tabutany.

Juni yangu ya mwisho hakuja.

Nilijiambia labda ni matope, maana mvua ilikuwa imepita kiasi upande wa Mau. Nilijiambia labda ni mguu, ambao mwaka uliotangulia alikuwa akiuburuta kidogo. Wiki ya mwisho niliomba nisipangiwe kazi ya ndani, nikakaa dawatini mpaka walinzi walipokuja kufunga. Kompyuta ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kufungua rekodi ya Wesley kwa kubonyeza mara chache, na huenda ningeona kitu cha kunituliza. Lakini benchi lilikuwa tupu, na sikuwahi kufungua karatasi za mtu bila mtu. Niliizima. Mlinifanyia sherehe na keki, mkanipa saa ya ukutani, nikalia, mkadhani ni kwa ajili ya saa.

Mwezi uliofuata, nikiwa mtu wa kawaida asiye na rekodi ya mtu yeyote, nilimwomba mpwa wangu anipeleke Olenguruone. Nilibeba sukari, majani ya chai na leso mbili kutoka Bondeni. Sokoni niliuliza kwa Mama Tabutany nikaelekezwa mpaka kwenye boma lenye mti wa msonobari mlangoni. Viazi vilikuwa vimepandwa vizuri. Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na hakukuwa na moshi.

Jirani aliniona nimesimama getini akaja, mama wa makamo aitwaye Chelangat. Nilimuuliza nikiwa nimejiandaa kwa kila jibu. Akaniambia mwenye boma hayuko, alichukuliwa na kijana yake.

Nikamwomba arudie.

Akarudia. Kijana alitokea wakati wa kupanda, akiwa na mke na mtoto msichana. Alikuwa Naivasha miaka yote hiyo, kwenye shamba la maua, katika kaunti hii hii. Alilala pale siku kadhaa. Alikwenda kwenye kaburi la baba yake peke yake, akarudi macho mekundu, akashika jembe. Viazi ninavyoviona ni yeye aliyevipanda. Kisha akamchukua mama akamwone daktari wa mguu na akae na mjukuu kidogo. Mama aliondoka na kuku mmoja chini ya kwapa, akikataa kuambiwa kwamba Naivasha pia kuna kuku.

Chelangat aliniletea kiti nje, akanipikia chai, akaniuliza mimi ni nani ili ampigie amwambie. Nilishindwa kujieleza. Nikasema ni mtu wa kodi, na alipokunja uso nikaongeza kwamba nimestaafu. Akapiga, akanipa simu.

Tulisalimiana kwa muda mrefu, kama kawaida yetu. Aliniuliza kama mguu wangu haujambo, ilhali ni wake unaouma. Nyuma yake mtoto alikuwa akiimba. Nilimwambia ningependa siku moja kuwaandikia vijana wa ofisini habari zake, bila jina lake. Akamuuliza Wesley palepale, nikasikia ile sauti ya tahadhari, safari hii bila mashine, ikisema hakuna shida. Kisha nikamwambia kwamba Juni nilimngoja.

"Sikukuja, dada," akasema. "Sikuwa na la kuuliza."

Nikamwambia ni vizuri, na ilikuwa vizuri. Nilimrudishia Chelangat simu yake pamoja na sukari, majani na zile leso amwekee. Mpwa wangu alikuwa amewasha gari, akaniuliza kama tuondoke. Nikamwambia azime kwanza. Chai ilikuwa bado ya moto, ukungu ulikuwa ukiteremka juu ya vile viazi, na mimi sikuwa na mahali pa kuwahi.